Mikono Iliyopungua Bukiriro

Niliondoka Mwanza siku ya Alhamisi kwa sababu ya simu ya mwalimu mmoja mstaafu. Mimi ni fundi wa vigae. Mkate wangu unatoka kwenye mabafu ya watu, lakini moyo wangu uko kwenye vigae vya zamani, vile vya kufinyangwa na kuchorwa kwa mkono, na wenye navyo huniita niwaambie kama ni vya kweli au wamebambikiwa. Mwalimu Nestori alinifahamu nilipomfanyia kazi binti yake hapa mjini. Alinieleza shida yake polepole, kwa sauti ya kufundishia, utadhani mimi niko darasa la nne na nimechelewa kuelewa.

Baba yao, marehemu mzee Laurenti wa Bukiriro, wilayani Ngara, alifundishwa kutengeneza vigae na bruda mmoja wa kizungu misheni. Kila mtoto wake alipofikisha miaka saba, mzee alimshika mkono, akaukandamiza kwenye udongo mbichi, akaandika jina chini ya alama ile, akachoma, kisha akakibandika kigae kwenye ukuta wa sebule. Watoto wanne, mikono minne. Watatu wameshafariki, amebaki Nestori, kitinda mimba. Na sasa ukoo unasema vilivyopo ukutani si vyenyewe, na umemtaka alete fundi aamue.

"Nani anakaa kwenye hiyo nyumba?" nikauliza.

"Shemeji yangu Skolastika, mjane wa kaka yangu Gabrieli. Jumamosi kuna kikao. Ukisema ni bandia, maana yake ameuza vitu vya baba, na ataondoka kwenye nyumba na kwenye migomba. Ukisema ni vyenyewe, yamekwisha."

Sipendi kazi ya namna hiyo, na nilikuwa naelekea kumkatalia. Watu wakigombana hawamsikilizi fundi, wanamtafuta wa kumtupia lawama. Lakini akaongeza jambo lililonifanya nitoe begi juu ya kabati.

"Yeye mwenyewe anasema hakuna kilichobadilishwa. Anasema mikono inapungua."

Alhamisi jioni nilishuka Biharamulo. Kabla jua halijazama nilikwenda kumwona Masanja, Msukuma aliyehamia pale kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, akaishia kuuza vitu vya kale: vigoda, vibuyu, kengele za misheni zilizopasuka. Hakuna kitu cha zamani kinachotoka Ngara ambacho hakijapita kwanza mbele ya macho yake. Alifurahi kuniona, akanichomolea kigae chenye ua la buluu kutoka kwenye gunia.

"Cha Mjerumani hiki," akasema.

Nilikigeuza, nikalamba mgongo wake. Watu hucheka nikifanya hivyo, lakini ulimi haudanganywi kirahisi. Kilikuwa na ladha ya majani ya chai. Waghushi hukichemsha kigae kipya kwenye chai ili zile nyufa nyembamba zilizo kwenye kioo chake, ule utando wa juu unaong'aa, ziingie rangi ya uzee. Kilichozeeka chenyewe kina ladha ya ukuta, chokaa na vumbi, na uchafu wake umezama usikoweza kufikiwa na chai.

"Mjerumani wako alikunywa chai juzi," nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumletea vigae vya mikono ya watoto kutoka Bukiriro. Kicheko kikakatika hapohapo. Akachukua kigae chake, akakirudisha kwenye gunia bila kuniangalia.

"Habari zake nimezisikia, lakini sijaletewa. Na sitaki kuletewa, mama. Mkono wa mtu aliyekufa unauuzaje? Anayeununua anaufanyia nini?" Akafunga mdomo wa gunia. "Aliyevitoa pale hakuvitoa ili auze. Mimi ningesikia."

Usiku huo nililala vizuri, ila maneno yale niliamka nayo.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi la Ngara. Baada ya Lusahunga barabara huingia porini, na hapo konda alizima muziki bila kuambiwa na mtu. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za majambazi, kwamba porini gari linakwenda likisikiliza. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, nyani wamekaa kando wakitutazama tunavyopita, na abiria karibu hamsini hakuna aliyekohoa. Mama mmoja jirani yangu alikuwa na rozari, na niliona vidole vyake vinatembea lakini midomo haitembei. Tulipotokea upande wa pili muziki ukarudi katikati ya wimbo, watu wakaanza kuongea wote kwa mpigo. Nilijiona mjinga kwa jinsi nilivyokuwa nimelibana begi langu.

Saa nane mchana pikipiki ilinifikisha Bukiriro. Nyumba ya mzee Laurenti iko mteremkoni, imezungukwa na migomba hata mlango huuoni mpaka uufikie. Mwalimu Nestori alikuwa ananisubiri kwenye kibaraza, mrefu, amevaa koti, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefika salama?"

Nyuma yake alisimama mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mikono imekakamaa kwa jembe. Ndiye Skolastika, ambaye wote humwita Skola. Nikamwamkia naye.

"Malahaba, mama. Kalibu. Pole na safali."

"Karibu," Mwalimu akamsahihisha, macho yake yakiwa kwangu. "Safari."

Huku Ngara wengi hawatenganishi l na r. Katika lugha yao ya nyumbani ni kama sauti moja tu, mtu akibadilisha hawasikii kilichobadilika. Mwalimu alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na herufi hizo mbili amepigana nazo kama wengine wanavyopigana na magugu. Hata kwenye msiba, niliambiwa baadaye, alimsahihisha aliyekuwa anasoma wasifu wa marehemu.

Sebule ilikuwa na giza la migomba. Vigae vilikuwa kwenye ukuta wa ndani, vimepangwa mstari mmoja usawa wa kifua: Klara, Regina, Gabrieli, Nestori. Rangi ya kijani iliyoiva, na katikati ya kila kimoja kiganja cha mtoto kimezama, vidole vimetanuka. Nimeona vigae vingi, vya ndege, vya maua, vya watakatifu. Sikuwahi kuona vinavyokunyooshea mkono namna ile, na sikupenda kusimama mbele yake.

"Walikufa kwa kufuatana hivyohivyo," Skola akasema. "Krala, Legina, halafu mume wangu Gablieri."

"Gabrieli," akasema Mwalimu. Mara hii sauti yake ilikuwa chini.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na hewa ilikuwa imepoa. Nilikuwa nimeinama nafungua begi niliposikia ukutani: ting. Sauti ndogo, safi, kama kucha imegonga glasi. Nikanyanyuka. Hakuna aliyekuwa karibu na ukuta. Tukasubiri wote watatu, na baada ya muda ikaja tena, safari hii kutoka kwenye kigae cha Regina.

"Wanaita," Skola akasema, kama mtu anayesema maziwa yamechemka. "Tangu Pasaka wanaita, hasa baridi ikiingia. Majilani hawaji tena."

Mwalimu alitoka nje bila kuaga. Nywele zangu zilikuwa zimesimama, sifichi, lakini mikono yangu ilishajua ile ni nini. Kioo cha juu na udongo wa chini visipopatana, kioo huendelea kupasuka nyufa za unywele muda mrefu baada ya kutoka tanuruni, na kila ufa hulia. Kilichokaa ukutani nusu karne na zaidi kwa kawaida kimeshalia kikamaliza. Vinavyolia mfululizo ni vichanga.

Nilipima viungo kati ya vigae, nikakuta ni vipana kupita kiasi, vimejazwa saruji nyeupe na kupakwa masizi. Kisha nikamwomba Skola anieleze kuhusu kupungua.

Akaenda mbele ya Gabrieli, akaweka vidole vitatu kwenye kiganja kile. Hakujaliwa mtoto, aliniambia, na tangu mumewe afariki kila asubuhi kabla ya kwenda shambani huweka vidole vyake pale. Zamani vyote vitatu vililala vizuri. Sasa cha tatu kinabaki nje.

"Kwaresima nilikwenda Kaniha, kule Bihalamulo, kumuuguza mama yangu mwezi mzima. Nimeludi, mkono umepungua. Nikasema labda anazidi kwenda mbali. Mtu akienda mbali unamwona mdogo, si ndiyo?"

Nilijua kilichotokea, na kila nilichojua kilikuwa kinamfukuza. Udongo ukikauka na kuchomwa hunywea, karibu sehemu moja katika kumi. Ukichukua kigae, ukakitengenezea kalibu ya plasta, yaani umbo la kushindilia udongo, ukatoa nakala na kuichoma, nakala itakuwa ndogo kuliko mama yake, na mkono uliomo ndani pia. Vilikuwa bandia vyote vinne, na kesho nilitakiwa kusema hivyo mbele ya ukoo. Niliumia. Nilitamani ningekuwa nimebaki kwenye mabafu yangu.

Jumamosi saa tatu asubuhi ukoo ulijaa sebuleni, wengine wakasimama madirishani. Mwalimu alikaa katikati. Alinitambulisha vizuri, akaniomba niseme kwa kifupi.

"Siwezi kusema kabla sijaona mgongo wa kigae," nikasema.

"Si lazima ukitoe."

"Kwangu ni lazima, Mwalimu."

Nilianza na Gabrieli. Saruji ya viungo ilikuwa laini bado, patasi ikaingia bila ubishi, na kigae kikatoka kizima. Kilikuwa chepesi, mgongo wake mtupu na msafi. Nikawaambia ukweli: ni kipya, hakijamaliza mwaka. Watu wakaguna. Skola alikuwa amekaa chini karibu na mlango, akainamisha kichwa, na shangazi mmoja akaanza kuuliza nani atachukua funguo.

Nilikuwa nimeshika tochi, nikamulika tundu nililoliacha. Na pale, kwenye chokaa ya zamani, kulikuwa na maandishi.

Yalikuwa yameinuka kutoka kwenye chokaa, herufi kubwa zilizogeuka kinyume. Ilinichukua muda kuelewa. Mzee Laurenti alikuwa amechora jina mgongoni mwa kigae kabla ya kukichoma, na alipokibandika, chokaa mbichi iliingia kwenye michoro ile ikagandia humo. Aliyevitoa alibandika nakala zake kwa gundi kidogo tu kwenye pembe, hakuikwangua chokaa ya mzee. Jina lilikuwa limebaki ukutani miaka yote, limeandikwa kuelekea ndani, kana kwamba wa kulisoma yuko upande wa pili wa ukuta. Niliuhisi ubaridi wa lile tundu kwenye uso wangu, nikarudi nyuma hatua moja.

Nikatoa kioo changu cha mkononi, nikakiweka mbele ya tundu, na nikamwomba mzee mmoja wa ukoo asome. Akavaa miwani.

"Ga, bli, e, ri. Gablieri." Akageuka. "Ni Gablieri. Si ndiye mwenyewe?"

"Ndiye," watu wakasema. Hakuna aliyeona tatizo. Nikakinyanyua kigae nilichokitoa, nikawaonyesha jina lililoandikwa mbele: GABRIELI. Wakatazama, wakatazama kioo, wakanitazama mimi. Kwao lilikuwa jina lilelile.

"Si lilelile," Mwalimu akasema. Alikuwa amesimama, kidole juu. "Hapo ukutani limekosewa. R imekaa penye l, na l penye r. Baba alikuwa anakosea siku zote. Yote manne aliyakosea, ndiyo maana niliyasahi..."

Akanyamaza. Kidole kilibaki juu. Nadhani mwenyewe alikisikia alichosema baada ya sisi sote kukisikia. Na hapohapo kigae nilichokishika kikalia mkononi mwangu: ting. Nusura nikiachie.

Jumamosi mchana nilikwenda naye Bugarama anakoishi, kila mtu na pikipiki yake, kwa sababu ukoo ulitaka fundi aone kama vitakavyotolewa ni vyenyewe. Njia nzima ni kupanda na kushuka, na kuelekea mpaka wa Burundi vilima vilikuwa vyeusi kwa mvua. Nyumbani kwake alinipeleka moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Vilikuwa vimefungwa kwenye mablanketi. Nilivipanga juu ya kitanda. Vizito, kijani yake imekolea kama maji ya kisima, na mikono mikubwa kuliko ile niliyoizoea tangu jana, kana kwamba watoto wale wamekua usiku. Sikuhitaji kulamba, lakini nililamba. Chokaa na vumbi.

Cha nne kilikuwa kimefungwa peke yake, kimelazwa kifudifudi.

"Hicho sijakigeuza tangu nikitoe," akasema. Alikaa kwenye kiti, koti lake limekunjamana. "Wewe ulijionea. Klara, Regina, Gabrieli. Kwa mpangilio, kama mtu anaita mahudhurio. Nilipokwenda kumzika kaka yangu niliingia pale sebuleni, nikaona anayefuata ni nani. Nilitaka mkono wangu utoke kwenye ule ukuta."

"Ungetoa chako peke yake."

"Wangeuliza kwa nini. Mimi ni Mkristo, Mwalimu mzima, msoma masomo kanisani. Ningewaambia naogopa kigae?" Aliona ni rahisi zaidi kutoa vyote wakati shemeji yake akiwa Kaniha, akampelekea mfinyanzi mmoja wa mbali, akarudisha nakala. Na majina alishindwa kuyaacha na makosa. Watu walipoanza kusema ni bandia, alikaa kimya. "Nilidhani ataondoka tu aende kwa mama yake."

Nilimwonea huruma kwa hofu yake, na kwa hilo la mwisho sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwambia yote mawili.

Jumapili baada ya misa nilivirudisha. Nilitoa nakala zilizobaki, na kioo changu kikaonyesha KRALA, LEGINA na NESTOLI kwenye chokaa. Nilichanganya chokaa mpya, nikamkalisha Klara mahali pake, kila herufi ya mgongoni ikaingia kwenye herufi ya ukutani. Kisha Regina. Kisha Gabrieli, na Skola akaja bila kuitwa, akaweka vidole vyake. Vyote vitatu vikalala. Alikaa hivyo kitambo na hakuna aliyemharakisha. Nililia, na sikuwa peke yangu.

Nikanyoosha mkono kuchukua cha nne. Mwalimu alikuwa amekipakata, kimefunikwa blanketi.

"Hicho kiache," Skola akasema.

"Shemeji, nimekosa. Nimekubali mbele ya wote. Acha kirudi."

"Si ulitaka mkono wako utoke?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha. "Umetoka. Mimi mlitaka nitoke mzima mzima, na miguu yangu. Wewe umetoka mkono tu."

Akasubiri ukoo umseme. Hakuna aliyesema. Nikamuuliza kama nizibe lile tundu, akakataa, akasema libaki hivyohivyo. Mwalimu alisimama mbele ya jina lake lililogeuka, kigae mikononi, na mzee yule niliyekuja kumjua kwa kusahihisha watu alilia kwa sauti, bila hata neno.

Jumatatu nilirejea Mwanza. Nimejifunza nini? Kuhusu vigae, machache: kwamba mgongo husema zaidi ya uso, na kwamba ukuta hutunza kilichotolewa. Kuhusu kazi yangu nimejifunza kwamba watu wakiniuliza kipi ni cha kweli, mara nyingi wameshaamua nani aumie kwa jibu, na siku hizi nauliza hilo kwanza kabla sijakata tiketi.

Mwezi uliofuata Mwalimu alinipigia simu. Aliuliza kama ninaweza kumtengenezea kigae kipya, chenye mkono wake wa sasa, kiingie palipobaki wazi. Nikamwambia inawezekana, nitakata udongo mpana zaidi ili ukinywea uenee.

"Umemwomba Skola?" nikauliza.

"Bado. Nilidhani wewe ungeniombea."

Nikamwambia udongo wake nitauweka mbichi, ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka siku atakayokwenda Bukiriro mwenyewe. Upo mpaka leo kwenye kona ya karakana yangu, na kila wiki naunyunyizia maji.